Dola na Zamu

Neno "dola" lilitujia kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni tendo la kuzunguka: kitu kutoka mkononi mwa huyu na kuingia mkononi mwa yule. Kwa maana yake ya kwanza, basi, dola ni zamu. Waarabu walilitumia kwa ukoo uliopata nafasi ya kutawala baada ya ukoo mwingine kushuka, na kwa kupita karne nyingi likawa jina la utawala wenyewe, hata wasemaji wakasahau kwamba ndani yake mlikuwa na mzunguko. Lilipofika pwani yetu lilikuwa limekwisha kutulia. Mswahili anaposema dola hafikiri tena kitu kinachopita; hufikiri kitu kilichokaa.

Maneno mengine ya jamaa hii yana habari za namna hiyo. "Siasa" ilikuwa kazi ya kutunza na kuongoza farasi. "Raia" lilikuwa jina la kundi la wanyama walio malishoni chini ya mchungaji, na baadaye likawa jina la watu walio chini ya mtawala. "Kura" ilikuwa bahati nasibu, yaani kijiti au kijiwe kinachotupwa ili kitu kisicho na akili kiamue jambo ambalo wenye akili wameshindwa kuliamua. Mtu akiyachukua maneno haya kwa maana zake za zamani na kuyapanga pamoja, hupata sentensi ya kuchekesha: kundi la mifugo linatupa vijiti ili lipate mtunza farasi. Kila mwaka huiandika sentensi hiyo ubaoni ninapofundisha historia ya msamiati wetu. Wanafunzi hucheka, nami hucheka pamoja nao. Lakini baada ya uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, vyuo vilipofunguliwa, mwanafunzi mmoja hakucheka.

Alikuwa kijana mtulivu, hodari wa sarufi, asiyependa kunyosha mkono. Aliuliza, "Mwalimu, kichekesho kiko wapi? Si ndivyo ilivyo?" Darasa likanyamaza. Hapakuwa na haja ya mtu kueleza alichokusudia. Chama kikuu cha upinzani hakikuwamo katika karatasi ya kura. Mshindi alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Maandamano, vifo, amri ya kutotoka nje usiku, na kufungwa kwa intaneti vilikuwa bado vibichi katika kumbukumbu za kila aliyeketi mle. Kijana akaendelea kwa sauti ile ile ya upole: "Afadhali mfalme. Mfalme mmoja hula kidogo kuliko wagombea mia, na watu hulala usiku."

Saa ilikuwa imekwisha, na neno lile halikuwa la kujibiwa kwa dakika mbili mlangoni. Nimelichukua nyumbani, nimelichukua hata Issenye nilikozaliwa, na makala haya ndiyo jibu.

Kwanza nitoe haki kwa upande wa mfalme, maana kijana huyo hakusema upuuzi. Ufalme una sifa ambazo hata mpinzani wake hawezi kuzikana. Mtoto wa kifalme hulelewa kwa kazi moja tangu utotoni, wakati mgombea hujifunza kazi yake akiwa kazini, kwa gharama yetu. Mfalme anaweza kupanda mti ambao kivuli chake kitakaliwa na wajukuu. Mgombea hupanda mchicha, kwa kuwa mavuno yake lazima yaonekane kabla ya miaka mitano. Tena mfalme mwema huwa juu ya ugomvi wa vyama, na mtu aliyeshindwa katika jambo lake bado anaweza kumwita wake. Buganda wanalijua hili. Falme za Uganda zilifutwa kwa katiba ya mwaka 1967, zikarudishwa mwaka 1993, na mapenzi ya Waganda kwa Kabaka Ronald Muwenda Mutebi wa Pili hayakununuliwa kwa fulana wala kwa kofia. Lakini msomaji aangalie jambo moja. Kabaka anayependwa hivyo amekatazwa na katiba ya mwaka 1995 kuingia katika siasa za vyama. Kadhalika wafalme wa Uingereza, wa Denmark na wa Japani. Falme zinazosifiwa zaidi siku hizi ni zile zilizokwisha kuondolewa makali. Watu huzipenda kama wapendavyo simba aliye katika picha.

Kuhusu usingizi wa usiku, historia ya visiwa vyetu wenyewe ina mengi ya kusema. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, hazikupita nyingi kabla ya wanawe kutafutana kwa silaha. Mwaka 1859 Barghash alimwasi ndugu yake Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni. Miaka 37 baadaye Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila ya ridhaa ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari zikafungua mizinga. Vita vile havikutimiza saa moja, na watu wapatao 500 wakafa au kujeruhiwa. Hapakuwa na sanduku la kura hata moja Unguja asubuhi ile. Buganda nako, tangu mwaka 1888 hadi mwaka uliofuata, Mwanga aliondolewa, Kiweewa akawekwa, Kiweewa akaondolewa, Kalema akawekwa, na damu ikamwagika.

Nayasema haya kwa sababu moja tu. Tumezoea kudhani kwamba tofauti ya ufalme na demokrasia iko mlangoni pa kuingilia: huyu huingia kwa kuzaliwa, yule huingia kwa kuchaguliwa. Mimi naona tofauti yenye uzito iko mlangoni pa kutokea. Mtoto mpumbavu anaweza kuzaliwa ikulu, na mtu mpumbavu anaweza kuchaguliwa. Katika hilo hawapitani sana, na wenye kuisifu kura kwamba humchagua aliye bora wamepata kura za nchi gani sijui. Lakini aliyemo atatokaje? Mfalme hutoka kwa jeneza, au kwa mizinga. Hana mlango wa tatu.

Hapa ndipo ninapolazimika kuzungumza habari za kwetu.

Issenye ni nchi ndogo katika wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, upande wa magharibi wa hifadhi kubwa ya wanyama. Majirani zetu ni Wanata, Waikoma na Wangoreme, na lugha yetu na ya hao wawili wa kwanza zinakaribiana hata wataalamu huziandika kama moja. Hatukuwa na mfalme. Wapo jirani waliokuwa na mtemi, kama Waikizu, ambao masimulizi yao humtaja mwanamke mleta mvua, Nyakinywa, aliyetoka Kanadi katika nchi ya Wasukuma, kuwa ndiye wa kwanza kukalia utemi. Lakini hata huko nguvu ya mtemi ilikuwa katika mvua kuliko katika mkuki, na mvua isiponyesha watu waliuliza maswali. Kwetu hapakuwa hata na huyo. Mgeni aliyekuja akisema "Nipelekeni kwa mkubwa wenu" aliwatia wenyeji katika taabu ya kweli, wakatazamana.

Kilichokuwapo ni rika. Vijana waliotahiriwa katika wakati mmoja walikuwa saiga moja, na saiga ilipewa kazi ya kuilinda nchi kwa muda wake, hata ilipokuja saiga nyingine nyuma yake. Juu ya hilo kulikuwa na rikora, kizazi, ambacho mtu hakukichagua wala kukigombea: alizaliwa ndani yake kwa kuwa baba yake alikuwa katika kizazi kilichotangulia. Majirani zetu Wakuria wanaliendesha jambo hili kwa mpango ambao mwanafunzi wa hesabu angeufurahia. Vizazi vyao ni vinane, katika mizunguko miwili ya vinne vinne. Mtoto wa Abasai ni Mnyamburiti, mtoto wa Mnyamburiti ni Mgamunyere, wa Mgamunyere ni Mnyangi, na mtoto wa Mnyangi anakuwa tena wa Abasai; katika mzunguko wa pili, Abamaina huzaa Abachuma, Abachuma huzaa Abamairabe, Abamairabe huzaa Abagini, na Abagini huwarudisha Abamaina. Jina la mtu humrudia kilembwe wake. Kizazi kilichokuwa na nchi mkononi kilifika siku ya kuikabidhi, kwa sherehe, mchana, mbele ya waliokuwa wakingoja. Na waliokabidhi hawakufukuzwa wala kuaibishwa, walipanda kuwa wazee wa kutambika na kushauri.

Sitaki nidhaniwe nauza dawa ya kienyeji sokoni. Mpango ule ulikuwa na kasoro zilizo wazi. Mwanamke alihesabiwa katika rika la mumewe, na neno lake lilifika barazani likiwa limepita kinywani mwa mtu mwingine. Kijana mwenye akili alingoja pamoja na kijana asiye nayo, kwa kipimo kimoja. Kizazi kibaya kilivumiliwa mpaka muda wake uishe, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kukitoa mapema. Tena nchi ilikuwa ndogo kiasi cha kuzungukwa kwa miguu na watu wakajuana kwa majina ya babu zao. Sijui jiji la Dar es Salaam lingekabidhiwaje kwa saiga. Haya yote nayakubali. Ila neno moja mpango huo ulilijua kuliko falme zote za dunia, nalo ni kwamba anayetawala ni mtu wa kupita, na kupita kwake si msiba.

Babu yangu mzaa baba, aliyefariki nilipokuwa shule ya sekondari, ndiye aliyenipa ufahamu wa jambo hili, ingawa alidhani ananisimulia habari za chifu. Wajerumani walipojenga boma lao Ikoma walihitaji mtu wa kumwita na kumpa amri, na mahali ambapo hapakuwa na mtu huyo walimtengeneza. Waingereza walipochukua nchi waliendelea na kazi ile ile kwa maandishi mazuri zaidi. Gavana Donald Cameron, aliyetawala Tanganyika tangu mwaka 1925 hadi 1931, alikuwa na imani kwamba Mwafrika atawaliwe kwa desturi zake mwenyewe, na sheria ya mwaka 1926 ikaweka mamlaka za wenyeji chini ya machifu. Kwa Wasukuma au Wahaya neno hilo lilikuwa na maana, kwa kuwa watemi na wakama walikuwapo. Kwetu sisi "desturi yetu wenyewe" ililetwa kwa barua. Serikali yenyewe iliona baadaye kwamba kiatu hakiingii mguuni. Mwaka 1945 mtaalamu wake wa mila, Hans Cory, aliandika ripoti juu ya mpango wa makabila ya wilaya ya Musoma kabla ya kuja Wazungu, na ndani yake mkawa na koo na marika mahali pa wafalme.

Siku moja tukiwa chini ya ghala la ulezi nilimwuliza babu kama chifu yule wa serikali alikuwa mkatili. Nilitazamia habari za viboko na kodi ya kichwa, maana ndivyo vitabu vya shule vilivyotufundisha. Babu alifikiri kidogo.

"Mura," akasema, "hakuwa mtu mbaya. Alikula kama wakubwa wote wanavyokula. Lakini wenziwe wa saiga walipokabidhi, sisi tuliketi tukimngoja naye akabidhi. Akabaki. Tukasema, huenda mwakani. Mwakani akabaki. Ndipo tulipojua kwamba hiki ni kitu kingine."

Nimesoma vitabu vingi vya nadharia ya utawala tangu siku ile, vingine kwa shida kubwa, na sijakuta maelezo ya ufalme yaliyo mafupi na sahihi kuliko hayo. Ugeni wa chifu ulikuwa katika kubaki kwake. Watu wa Issenye waliweza kuvumilia amri, na kodi, na hata upendeleo. Jambo ambalo akili yao haikuwa na chumba cha kuliweka ni mtu asiye na siku ya mwisho.

Katika mkoa ule ule wa Mara, huko Butiama, alikuwapo chifu mwingine wa namna hiyo, Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyekalia uchifu mwaka 1915 na kufariki mwaka 1942. Wazanaki nao walikuwa watu wa marika na wazee kuliko watu wa kiti. Mwanawe Julius alikulia katika boma la chifu na katika jamii isiyoamini sana machifu, na nadhani yeyote anayetaka kumwelewa Mwalimu aanzie hapo. Mwaka 1963 serikali yake ilifuta mamlaka ya machifu Tanganyika nzima, na ndugu yake Edward Wanzagi, aliyekuwa amekalia kiti baada ya baba yao, hakuachwa nje ya sheria hiyo. Mwaka huo huo ikatoka tafsiri yake ya Juliasi Kaizari, tamthilia ya watu wanaomwua mkubwa wao kwa kuhofu kwamba atajifanya mfalme, kisha wasijue la kufanya na uhuru walioupata. Msomaji kijana huenda pia hakumbuki kwamba Tanganyika yenyewe ilikuwa ufalme kwa mwaka mmoja kamili: tangu tarehe 9 Desemba 1961 hadi tarehe 9 Desemba 1962 mkuu wa dola yetu alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, na Richard Turnbull alikaa Dar es Salaam kwa niaba yake. Tuliutoa ufalme ule bila risasi, kwa karatasi. Wachaga walikuwa wamefanya jambo la namna hiyo kabla yetu: mwaka 1951 walimchagua Thomas Marealle kwa kura awe Mangi Mkuu, na mwaka 1960 wakapiga kura tena, wakataka rais badala ya mangi.

Unguja haikupata bahati hiyo. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata yapata asilimia 54 ya kura na viti 13 tu kati ya 31; uhuru ukaja tarehe 10 Desemba chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah; na tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakafagia sultani, bunge na hesabu ile ya viti kwa pamoja. Jamshid aliishi Uingereza zaidi ya miaka 50 na kufariki Oman tarehe 30 Desemba 2024. Ule ulikuwa mpango uliochanganya mfalme na kura, na wengi huuleta kama hoja dhidi ya mfalme. Mimi naona kura ndiyo iliyotangulia kuvunjika, siku ambayo wengi walihesabiwa wakaambiwa ni wachache.

Sasa nirudi bara. Machifu walipofutwa, kiti kilivunjwa lakini mbao zake hazikutupwa. Tangu mwaka 1965 hadi 1992 tulikuwa na chama kimoja kwa sheria, na yule aliyekuwa akimngojea chifu nje ya boma alijikuta akimngojea katibu nje ya ofisi. Hata hivyo jambo moja kubwa lilifanyika, nalo halisifiwi inavyopasa. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 1984 yaliweka ukomo wa vipindi viwili kwa rais, na mwaka 1985 Mwalimu akaondoka kwa hiari yake. Ali Hassan Mwinyi akatawala miaka 10 akatoka. Benjamin Mkapa miaka 10 akatoka. Jakaya Kikwete miaka 10 akatoka. Katika wakati wa John Magufuli zilisikika sauti zilizotaka muda uongezwe, na muda haukuongezwa. Si majirani zetu wote waliopata neema hiyo. Uganda iliondoa ukomo wa vipindi mwaka 2005, na mwaka 2017 ikaondoa hata ukomo wa umri wa miaka 75, jambo ambalo mzee wa rika angelisikiliza mara mbili kabla ya kuamini.

Kwa hiyo nilipoketi kumtafutia jibu mwanafunzi wangu, niliona kwamba swali lake lilikuwa limechanganya vitu viwili ambavyo sisi Watanzania tumevipata kwa vipimo tofauti. Zamu tunayo. Imefanya kazi kwetu kwa miaka 40, na imefanya kazi bila mahubiri mengi, kwa sababu, nadhani, watu wengi katika nchi hii wametoka katika jamii ambazo kukabidhi ni jambo wanalolijua. Kilichotushinda ni kura. Maana zamu ya katiba humwondoa mtu mmoja, na mtu mmoja akiondoka huiacha nyumba na waliomo. Tangu mwaka 1961 nyumba haijakabidhiwa. TANU iliunganishwa na Afro-Shirazi mwaka 1977 ikawa CCM, na CCM ndiyo iliyopo. Hapa watu wa marika walitupita. Kwao hakutoka mzee mmoja akamwachia mdogo wake wa rika lile lile. Kilitoka kizazi kizima, pamoja na wapambe wake, na waliokula pamoja wakanawa pamoja. Kura, katika nchi kubwa isiyoweza kuzungukwa kwa miguu, ndiyo chombo pekee nilichosikia kinachoweza kuliondoa kundi zima kwa siku moja bila ya jeneza. Wakenya walikionja mwaka 2002: ukomo wa vipindi ulimwondoa Daniel arap Moi, na kura ikaiondoa KANU iliyokuwa imekaa tangu uhuru, zamu na kura zilikutana siku moja. Miaka 5 baadaye hesabu ya kura ilitiliwa shaka, na zaidi ya watu 1,000 wakafa.

Ikiwa kura haiwezi kuliondoa kundi, basi imerudi katika maana yake ya Kiarabu, na hata hiyo imeikosa, kwa sababu kijiti cha bahati nasibu angalau hakijui kitamwangukia nani. Hilo ndilo kijana alililolia siku ile, na nina hakika machozi yake yalikuwa ya haki. Lakini dawa aliyoitaja ingemwondolea hata ile nusu tuliyo nayo. Angempata chifu wa babu yangu: mtu asiye mbaya, anayekula kama wakubwa wote, na ambaye mwakani atakuwapo. Tabia ya kutamani kiti cha namna hiyo haijatutoka kabisa. Mwezi Septemba 2021, huko Kisesa mkoani Mwanza, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan na kumpa jina la Chifu Hangaya. Ilikuwa sherehe nzuri, na Wasukuma wana haki ya kumheshimu mgeni kwa namna ya kwao. Ila sisi wa Issenye, tuliposikia redioni neno "Chifu" likitangulia jina la Rais wa Jamhuri, tulipata baridi kidogo ambayo jirani zetu huenda hawakuipata.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ina mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe, mwanamume na mwanamke, bila ya kujali rika la baba yake. Kwa upande huo imewapita wazee wetu mbali sana. Mkutano huo hupaswa kuitwa kila baada ya miezi mitatu. Najua vijiji ambako hupita mwaka mzima usiitwe, na wanakijiji husikia habari za ardhi yao kutoka kwa madereva wa magari ya watalii. Mwezi wa Disemba nilikuwa kwetu kwa likizo, na katika kijiji kimoja nisichokitaja mkutano uliitwa. Tuliketi chini ya mti. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, kama ilivyo desturi ambayo hakuna sheria iliyoiagiza. Habari za mapato na matumizi zilisomwa haraka. Mwenyekiti, aliyeingia katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, aliuliza kama kuna mwenye neno, naye alikuwa amekwisha kufunga daftari.

Mama mmoja mtu mzima akasimama, akaweka kanga yake sawa begani. "Mwenyekiti, mimi sina neno la fedha," akasema. "Nauliza tu, miaka yako mitano inakwisha mwezi gani?"

Watu walicheka. Mwenyekiti naye alicheka, akamtazama mtendaji wa kijiji, na mtendaji akapekua karatasi zake kwa muda mrefu kuliko tulivyotazamia. "Mwaka 2029," akasema, "mwezi wa Novemba, mama." Yule mama hakuketi. Alimgeukia mjukuu wake aliyekuwa na daftari la shule, akamwambia aandike, akangoja mpaka alipoona ameandika.